Kupenda kusoma huanzia masikioni

Swali: Nyumbani kwetu Msimbati, Mtwara, hatuna kitabu hata kimoja. Mtoto atapendaje kusoma?

Kitabu kina umuhimu wake, lakini hakitangulii. Mwaka 1986 watafiti Philip Gough na William Tunmer walieleza kwamba kusoma ni zao la mambo mawili: kutambua maandishi, na kuielewa lugha yenyewe kwa kuisikia. Moja likikosekana, la pili halimfikishi mtoto popote. Kwa Kiswahili lile la kwanza lina unafuu, maana herufi zetu hazigeukigeuki: aliyeijua “ba” ya baba ataisoma vilevile kwenye bahari na bamvua. La pili ndilo lenye kazi, nalo hulelewa nyumbani. Mtoto aliyesimuliwa kwa nini wakati wa bamvua maji hupwa mbali na watu wakashuka kutafuta pweza, akilikuta neno hilo kitabuni halimbabaishi. Na maandishi ya kuanzia yapo humo humo nyumbani. Tandaza kanga, mwoneshe jina, yaani maneno yaliyoandikwa chini ya mji (sehemu ya kati), juu ya pindo. Afuatishe herufi kwa kidole, kisha muulize: maneno haya anaambiwa nani, na kwa nini hakuambiwa waziwazi? Kulijibu swali hilo ndiko kusoma.

Swali: Mimi sijui kusoma. Kwani hiyo si kazi ya mwalimu?

Kufundisha herufi ni kazi ya mwalimu, na juhudi zimefanyika: kuanzia 2016 mradi wa Tusome Pamoja, uliofadhiliwa na Marekani, ulifika Mtwara kuimarisha usomaji katika madarasa ya mwanzo. Lakini darasani watoto ni wengi, na zamu ya mmoja kusikilizwa ni fupi mno. Wewe unaweza kumsikiliza jioni. Asome ukurasa, afunike kitabu, akueleze nani kafanya nini na anadhani itakuwaje. Akisoma mbio halafu ashindwe kusimulia, umeshajua tatizo liko wapi, bila wewe kujua herufi. Tena kwako ana sababu ya kweli ya kusoma: anakuletea habari usiyokuwa nayo.

Swali: Sisi tunasema Kimakonde. Hatutamchanganya?

Hapana. Kufuata kisa, kukisia mwisho na kutegua kitendawili ni uwezo anaohama nao kutoka lugha moja hadi nyingine. Ni kweli kwamba Kimakonde hakitampa msamiati wa Kiswahili wa shuleni, na hoja hiyo ina uzito. Basi kisa kilekile bibi akisimulie kwa Kimakonde, na kesho mtoto akirudie kwa Kiswahili.

Swali: Akikataa kusoma, nimchape?

Usimchape. Fimbo humfundisha kukikwepa kitabu. Mwache achague, hata akitaka hadithi ileile kila siku, kwa sababu kila anapoirudia anasoma kwa wepesi zaidi. Akiichoka, mtandao wa African Storybook, ulioanza 2014, una hadithi za watoto za bure, za Kiswahili zikiwemo, na simu janja moja ya jirani inatosha kuzipakua.