Rangi ya Kumetameta Juu ya Roketi ya Mfano

Roketi ya mfano ni chombo kidogo cha karatasi ngumu, ubao mwepesi na plastiki, kirukacho kwa injini ya baruti na kurejea ardhini kwa mwavuli. Ilizaliwa Marekani. Mwaka 1954 Orville Carlisle, mwenye duka la viatu mjini Norfolk, Nebraska, aliunda roketi ya aina hiyo, na tangu mwaka 1957 yeye na G. Harry Stine waliifikisha kwa umma. Siku hizo baadhi ya vijana wa huko walijichanganyia baruti nyumbani, wakapoteza vidole na wengine uhai. Injini ya kiwandani, itumikayo mara moja na kutupwa, ilikusudiwa kuwaepusha na hatari hiyo. Hadi leo mashabiki wa mchezo huu huona fahari kurusha chombo kilichopambwa, na pambo moja lipendwalo ni rangi yenye chembe za kumetameta. Kwa mwalimu wa fizikia pambo hili lina manufaa, kwani haliwezi kupakwa vema bila hesabu.

Chembe hizo hukatwa katika utando mwembamba wa plastiki uliofunikwa kwa alumini. Nyingi zina pembe sita, umbo linalopangika bila kuacha mabaki mengi. Kila chembe ni kioo kidogo. Mwanafunzi aliyesoma nuru anajua kwamba kioo kikigeuzwa nyuzi 1, mwale unaoakisiwa hugeuka nyuzi 2. Ndani ya rangi, chembe hulala kwa pembe mbalimbali. Roketi ikizunguka kidogo, zile zilizokuwa zikimulika jicho huzima na nyingine huwaka. Kama chembe zote zingelala sawasawa, tungeona mng'ao mmoja tu kama wa bati jipya, wala si kumetameta.

Sasa tuje kwenye tungamo. Tuchukue roketi yenye urefu wa sentimita 30 na kipenyo cha sentimita 2.5. Eneo la bomba lake ni 3.14 × 2.5 × 30, yaani sentimita za mraba 236 hivi. Mapezi matatu, kila upande ukiwa na sentimita za mraba 20, yanaongeza 120. Jumla ni 356. Rangi ikikauka na kubaki na unene wa milimita 0.1, ujazo wake ni sentimita za ujazo 3.6 hivi, densiti ikiwa gramu 1.2 kwa kila sentimita ya ujazo, tumeongeza gramu 4.3. Mtu atasema ni kidogo, lakini roketi ya kimo hiki, bila injini, pengine ina gramu 25 tu!

Swali kubwa zaidi ni mahali rangi ilipokaa. Roketi hii haina rubani. Huelekezwa na mapezi yake. Ili iende wima, kitovu cha uzito hakina budi kuwa mbele ya kitovu cha kanieneo, yaani mahali ambapo kani zote za hewa za ubavuni huhesabiwa kuwa zinasukuma. Desturi ni kuacha kati yao nafasi isiyopungua kipenyo kimoja cha bomba, hapa milimita 25. Tuseme roketi pamoja na injini ina gramu 45, na kitovu chake cha uzito kiko sentimita 19 kutoka ncha ya pua. Gramu 4 zikienea sawasawa mwili mzima, kitovu hakisogei hata milimita moja. Lakini mpambaji akizirundika zote kwenye mapezi, sentimita 28 kutoka ncha ya pua, kitovu hurudi nyuma kwa 4 × 9 ÷ 49, yaani milimita 7 hivi. Zaidi ya robo ya nafasi ile imeliwa na pambo. Roketi iliyojengwa kwa nafasi finyu huweza kupinduka mara iachapo fimbo ya kurushia, na kuelekea waliko watazamaji.

Kwa hiyo roketi ipimwe kwenye mizani, kisha isawazishwe juu ya ukingo wa rula, kabla na baada ya kupakwa. Kitovu kikiwa kimerudi nyuma, udongo wa kufinyangia kidogo huongezwa ndani ya pua. Shule isiyo na injini, au isiyo na kibali cha kurusha, yaweza kufanya majaribio haya yote kwa bomba la karatasi.

Kazi yenyewe huanza kwa msasa. Vitundu vya ubao wa mapezi huzibwa kwa rangi ya kwanza, na kusuguliwa hadi vidole visihisi nyuzi za mti. Kisha hupakwa rangi inayofanana na chembe: kijivu chini ya chembe za fedha. Nionavyo mimi, hatua hii ndiyo ipunguzayo uzito kuliko zote, maana chembe chache hutosha. Chembe hutuama katika vanishi inayozibeba, basi kopo la kupuliza litikiswe mara kwa mara, nje penye hewa na mbali na moto. Mwisho hupakwa vanishi tupu mara mbili au tatu, na kulainishwa kwa msasa laini wenye maji. Msasa usifike kwenye chembe, kwa kuwa hukwangua alumini na kuacha doa. Ulainishaji huu si urembo tu: uso wenye mikwaruzo huvuruga hewa ipitayo karibu na bomba, na ukinzani huongezeka.

Sehemu ya pua iingiayo bombani, na bomba la injini kwa ndani, zifunikwe kwa utepe wa karatasi zisipate rangi. Pua ikinata, baruti ya kufyatua mwavuli hushindwa kuisukuma, na roketi hushuka kama mkuki. Rangi ikishakauka kabisa, pua ivutwe kwa vidole viwili. Ikikaza, isuguliwe mpaka itoke kwa urahisi, bila kulegea kiasi cha kudondoka roketi inapoinamishwa.