Damu Ilichukuliwa Lini?

Ifakara, ambako Mswisi Rudolf Geigy alifungua maabara mwaka 1957, inajulikana kwa utafiti wa malaria na mbu. Lakini si kila homa ni malaria. Katika Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, utafiti wa watoto 1,828 uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba bakteria wa kundi la gramu-hasi wakiingia kwenye damu waliua asilimia 43.5 ya watoto waliowapata, ilhali malaria iliua asilimia 20.2 ya walioipata.

Tuseme mtoto kaletwa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, kutoka Mlimba, na bakteria wameota kwenye chupa ya damu yake. Mtaalamu wa maabara huwapaka juu ya sahani ya agari, kisha huweka vipande vidogo vya karatasi vyenye dawa. Usiku kucha dawa husambaa, ikipungua makali kadiri inavyokwenda mbali. Inapowazidi nguvu, bakteria hawaoti, na karatasi huzungukwa na duara tupu. Asubuhi ni kazi ya rula. Kwa bakteria E. coli na dawa ya seftriaksoni, mwongozo wa Marekani unasema milimita 23 na kuendelea dawa inafaa. 19 kushuka, bakteria ni sugu. Agari yenyewe iwe na kina cha milimita 4. Ikiwa nyembamba, dawa hukosa pa kuzama, huenda pembeni, duara hupanuka na sugu huonekana mnyonge.

Usugu huo mara nyingi hutokana na kimeng'enya kinachovunja dawa kabla haijafanya kazi. Maelekezo ya kukitengeneza hukaa kwenye kipande cha DNA kinachoweza kuhamia kwa bakteria jirani, hata wa aina nyingine.

Hapo tumemjua mgonjwa mmoja. Kufuatilia usugu katika hospitali nzima ni hesabu, na hesabu hii ina mtego. Chukua wagonjwa 100, kati yao 20 wana bakteria sugu. Ukiwatoa wote damu kabla ya sindano ya kwanza, utapata asilimia 20. Ukisubiri mpaka dawa ishindwe, wengi wa wale 80 watakuwa wamepona; tuseme wamebaki 10. Sasa una sugu 20 kati ya 30, karibu asilimia 67, na bakteria ni walewale.

Kwa hiyo anayeniletea asilimia ya usugu namuuliza kwanza damu ilichukuliwa lini, halafu kama mgonjwa aliyetolewa damu mara tatu kahesabiwa mara moja.