Chapa Kurasa Nne Kabla ya Kununua Kindle

Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) aliyepanga Ipagala na mtumishi anayesoma Chuo Kikuu Huria baada ya kazi wana mzigo mmoja: madesa ya PDF yaliyojazana kwenye simu. Macho yanauma, chaji inakata, ujumbe wa WhatsApp unaingia katikati ya aya. Hapo ndipo mtu huwaza kununua kifaa cha kusomea vitabu, na jicho huangukia Kindle ya inchi 6 kwa sababu ya bei. Msomaji wa riwaya ainunue bila wasiwasi. Mwenye madesa asubiri kwanza.

Kinachoamua ni faili. Kitabu cha EPUB hujipanga upya kufuata kioo. Ukikuza herufi, mistari nayo inahama. PDF ni ukurasa uliokwisha kupangwa, mara nyingi wa A4 yenye upana wa sentimita 21, na kioo cha inchi 6 kina upana wa sentimita 9 hivi. Herufi za ukubwa wa 12 husinyaa hadi kama 5. Ukizikuza, utasukuma ukurasa kushoto na kulia kwa kila mstari. Desa lililoskaniwa ndilo gumu zaidi, maana kifaa huuona kila ukurasa kama picha.

Basi nenda steshenari na desa lako baya kuliko yote, lenye majedwali na fomula. Omba lichapwe kurasa 4 kwenye karatasi moja ya A4, kama wanafunzi wanavyofanya kubana matumizi. Kila ukurasa hapo unakaribia kioo cha inchi 7. Omba pia kurasa 2 kwa karatasi. Huo ni karibu ukubwa wa inchi 10. Soma nusu saa kila moja. Ukishindwa kusoma kwenye karatasi, kioo cha ukubwa huo hakitakusaidia.

Ubora wa vifaa vya kusomea vitabu ni wino wa kielektroniki. Kioo chake huakisi mwanga kama karatasi, kwa hiyo jua la Dodoma la saa saba mchana halifichi maandishi, na chaji hudumu kwa wiki kadhaa, jambo kubwa umeme unapokatika. Lakini vingi havina rangi, na hugeuza kurasa polepole. Mzazi anayetaka mtoto asome vitabu vya picha kwenye Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania atafute tableti ya kawaida.

Vifaa vingine kama Kobo na PocketBook husoma EPUB moja kwa moja. Kindle haiisomi ukiihamisha kwa waya. Itume kupitia huduma ya Send to Kindle, au ibadilishe kwa Calibre, programu ya bure ya kompyuta.

Ukinunua kifaa kilichotumika, muuzaji akiondoe kwenye akaunti yake mbele ya macho yako, nawe ukisajili palepale kabla ya kutoa hela. Amazon, mtengenezaji wa Kindle, huweza kuzuia Kindle iliyoripotiwa kuibiwa isisajiliwe tena. Kagua kioo kwenye mwanga: mstari au doa lisilofutika kurasa zikigeuka ni dalili ya kioo kilichovunjika ndani. Tenga pia hela ya kava gumu, hasa kama unapanda bodaboda na begi mgongoni.