Vidonge vya Maumivu na Mwili wa Kijana

Labda nyumbani mwako yuko kijana anayemeza vidonge vya tramadoli ili aweze kubeba mizigo au kuchimba dhahabu. Husema, "Vinaniondolea uchovu tu." Soma somo hili pamoja naye.

1. Tramadoli ni nini?
Ni dawa ya jamaa moja na mofini na afyuni. Ilianza kuuzwa Ujerumani mwaka 1977. Munganga akiipima, humsaidia mwenye maumivu makali. Hatari ni kuimeza siku kwa siku bila kupimiwa.

2. Inadhuru nini?
Ndani ya ubongo mna sehemu ndogo inayotuma ujumbe kwa tezi iliyo chini yake. Tezi hiyo hupeleka homoni katika damu mpaka kwenye korodani, nazo hutengeneza mbegu za uzazi na testosteroni, ndiyo homoni ya kiume. Dawa za jamaa ya afyuni zikitumiwa muda mrefu hunyamazisha ujumbe ule wa kwanza. Basi hamu ya ndoa hupungua, mbegu hupungua, mifupa hulegea, na uchovu huzidi. Aliyetafuta nguvu amezipoteza, kisha anaongeza vidonge!

3. Kwa nini kijana aogope zaidi?
Wakati wa kubalehe homoni hiyo ndiyo inayojenga sauti nzito, misuli na mifupa. Watafiti waliwapa panya dume wachanga mofini wakati huo, nao wakachelewa kukomaa. Panya si mtu, lakini tusidharau onyo hilo.

4. Je, mke alaumiwe?
Nyumba ikikosa mtoto, wengi humfukuza mke. Usifanye hivyo. Nendeni hospitali wote wawili, na mume aseme wazi dawa anazomeza.

5. Je, kuna tumaini?
Ndiyo. Kwa wengi homoni hurudi baada ya majuma au miezi, wakiacha. Lakini aliyezoea asiache ghafula, maana atateseka kwa jasho, kuhara na kukosa usingizi. Munganga atampunguzia polepole. Tena asichanganye vidonge na pombe; pumzi yaweza kukatika. Akipatwa na kifafa, mpelekeni hospitali upesi.

Wala usimnyime mgonjwa wa kansa mofini aliyopimiwa. Hiyo ni rehema kwake.

Maswali
1. Ujumbe wa homoni huanzia wapi?
2. Kwa nini mume naye apimwe?
3. Utamsaidiaje kijana wako aache salama?