SHERIA YA VIWANDA NA MACHO YAKE
Somo kwa wafanyi kazi wa Thika na Ruiru

Mtu aliyelelewa shambani anazijua hatari za shamba. Tangu utoto wake wazee wamemfundisha namna ya kushika panga, namna ya kuuangusha mti usimwangukie, na namna ya kumwepuka fahali mkali. Lakini hakuna mzee aliyemfundisha hatari za mkanda uendao mbio kati ya magurudumu mawili. Mtu akichoka na jembe huliweka chini akapumzika. Mashini haichoki, wala haimngojei aliyechoka. Ndiyo sababu nchi nyingi zilizoanza kujenga viwanda ziliona watu wakiumia kwanza, na sheria zikafuata nyuma. Somo hili laeleza jinsi sheria hizo zilivyopatikana Uingereza, jinsi zilivyofika Kenya, na jinsi zinavyomhusu mtu aingiaye kiwandani asubuhi huko Thika au Ruiru.

MAMBO YALIVYOANZA UINGEREZA

Uingereza ndiyo nchi ya kwanza kuwa na viwanda vingi vya kusokota na kufuma pamba kwa mashini. Mwanzoni mwa karne ya 19 watoto wadogo walifanya kazi humo tangu kabla ya jua kuchomoza hata usiku. Walitakiwa kwa sababu ujira wao ulikuwa mdogo, na kwa sababu miili yao midogo iliweza kupita chini ya mashini kuokota pamba na kuunga nyuzi zilizokatika. Wengi walipotewa na vidole, na wengine wakapotewa na maisha.

Mwaka 1802 Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya kuwalinda watoto wanagenzi wa viwandani, wasifanye kazi zaidi ya saa 12 kwa siku. Sheria ilikuwa njema, lakini haikufaa kitu. Sababu yake ni kwamba hakukuwa na mtu ambaye kazi yake hasa ni kwenda kutazama kama yafuatwa. Waliotakiwa kutazama walikuwa wakubwa wa mahali pale pale, ambao mara nyingi walikuwa rafiki za wenye viwanda. Sheria ilikuwa na mdomo, lakini haikuwa na macho.

Macho yalipatikana mwaka 1833. Sheria ya mwaka huo ilikataza watoto walio chini ya miaka 9 wasiajiriwe katika viwanda vya nguo. Walio kati ya miaka 9 na 13 wasizidi saa 9 kwa siku, na kila siku wapewe saa mbili za kusoma. Tena Serikali iliweka wakaguzi wanne wenye amri ya kuingia kiwandani na kuwashitaki waliovunja sheria. Watu wanne walikuwa wachache mno kwa nchi nzima, lakini walikuwa wanne mahali ambapo kwanza hakukuwa na mtu.

Wakaguzi hao walipata taabu ambayo watu wa Kenya wataielewa. Katika Uingereza vizazi havikuanza kuandikishwa na Serikali mpaka mwaka 1837, kwa hiyo wengi hawakuwa na cheti cha kuonyesha umri. Mzazi maskini aliweza kusema mwanawe ana miaka 13, na mwenye kiwanda akafurahi kusadiki. Mwaka huo huo daktari mmoja wa meno alieleza kwamba umri wa mtoto waweza kujulikana kwa kutazama meno yake. Hivyo mtoto alifunguliwa kinywa ili sheria ipate kumlinda.

Baadaye, mwaka 1844, ikaamriwa kwamba mashini zenye hatari zizungushiwe kinga. Mwaka 1847 kazi ya wanawake na vijana ikapunguzwa ikawa saa 10 kwa siku. Kila mara wenye viwanda wengi walilia kwamba biashara itakufa. Haikufa. Tena Robert Owen, aliyeshika usimamizi wa kiwanda cha New Lanark katika Scotland mwaka 1800, alikuwa amekwisha kuonyesha kwa matendo kwamba saa zikipunguzwa, na watoto wakapelekwa shule, kiwanda chaweza bado kupata faida.

VIWANDA VYAFIKA THIKA NA RUIRU

Mwanzoni mwa karne ya 20 nguvu za maji ya mto Ruiru zilitumiwa kufanya umeme wa mji wa Nairobi. Reli ilifika Thika mwaka 1913 kwa kupitia Ruiru, na mahali pa mashamba ya kahawa na mkonge pakawa na njia ya kupeleka mali pwani. Kwanza ilikuja mitambo ya mashambani: mashini za kumenya kahawa na za kukwangua mkonge. Kikaja na kiwanda cha kutoa dawa ya kutengenezea ngozi katika magome ya miwati. Hasa baada ya Vita Kuu ya Pili vikaja viwanda vya mananasi ya makopo, vya makopo yenyewe, na vya nguo. Thika ikaitwa Birmingham ya Kenya, kwa mfano wa mji wa viwanda wa Uingereza.

Kila kazi ilikuja na madhara yake. Penye mananasi sakafu ni majimaji, visu ni vikali, mvuke huunguza, na maji ya tunda hula ngozi ya mikono isiyo na glavu. Penye nguo kelele huharibu masikio polepole, na vumbi la pamba likivutwa miaka mingi hukaza kifua. Penye kahawa mchumaji hulipwa kwa debe, naye hubeba mzigo mgongoni mchana kutwa. Madhara ya namna hii hayaonekani kwa siku moja, na kwa hiyo ni rahisi kuyakana.

SHERIA ZILIZOFUATA

Katika Kenya Idara ya Kazi ilisimama peke yake mwaka 1940. Sheria ya kuwalipa fidia wafanyi kazi walioumia ilitungwa mwaka 1946 ikaanza kutumika 1949. Sheria ya Viwanda ilitungwa mwaka 1950 ikaanza kutumika tarehe 1 Septemba 1951. Hiyo ilitaka viwanda viandikishwe, mashini zitiwe kinga, hewa na mwanga viwe vya kutosha, na wakaguzi wapate nafasi ya kuingia. Yale yaliyowachukua Waingereza karibu miaka hamsini yaliandikwa Kenya katika sheria moja.

Lakini yafaa kusema kweli yote. Katika mwaka ule ule wa 1950, mwezi wa Mei, Makhan Singh, aliyekuwa amewaunganisha wafanyi kazi tangu miaka ya 1930, alikamatwa, akawekwa kizuizini mpaka mwaka 1961. Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, viongozi wengine wa vyama wakakamatwa. Basi sheria ilitaka mashini itiwe kinga, lakini mtu aliyesimama kusema kwamba kinga haipo aliweza kuhesabiwa kuwa mchochezi. Sheria ilipewa wakaguzi, lakini jicho la mfanyi kazi mwenyewe lilifungwa kitambaa.

Mshahara nao ulikuwa jambo zito. Mwaka 1954 kamati iliyoongozwa na Bwana Carpenter ilipeleleza mishahara ya Waafrika. Iliona kwamba karibu nusu ya wafanyi kazi wa mijini walioajiriwa na makampuni hawakupata fedha za kuwatosha mahitaji ya lazima ya mtu mmoja, hata asiye na mke wala mtoto. Kamati ilishauri kima cha chini kipandishwe hatua kwa hatua, mpaka kimtoshe mtu na jamaa yake. Ushauri huo wahusu usalama pia, kwa maana mtu mwenye njaa huumia upesi kuliko aliyeshiba.

Mwezi wa Oktoba 1962, Tom Mboya alipokuwa Waziri wa Kazi, Serikali, waajiri na vyama vya wafanyi kazi walitia sahihi Mkataba wa Uhusiano Kazini. Mwaka 1963 vyama vya wafanyi kazi wa kahawa, majani ya chai, mkonge na mashamba mengine viliungana. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

SHERIA ZA MWAKA 2007

Sheria ya Viwanda ilitumika zaidi ya miaka 50. Mwaka 2007 Sheria ya Usalama na Afya Kazini ilishika mahali pake, na Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ikashika mahali pa ile ya 1946. Tena Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 41, yampa kila mfanyi kazi haki ya ujira wa haki, ya hali njema ya kazi, ya kuingia chama, na ya kugoma.

Mambo makubwa ya kukumbuka ni haya:

1. Mahali penye wafanyi kazi 20 au zaidi, sharti pawe na kamati ya usalama na afya, na wafanyi kazi wawe na wajumbe wao ndani yake.

2. Mtu aonaye hatari kubwa iliyo karibu imempasa amwambie msimamizi wake. Akiondoka mahali hapo kwa sababu ya hatari hiyo, mwajiri hana ruhusa ya kumfukuza kazi.

3. Kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi mmoja au zaidi hahesabiwi tena kuwa kibarua wa siku. Hilo lajulikana na wachache, na wengi wa Thika na Ruiru wamekaa miaka wakiitwa vibarua.

4. Mtu akiumia kazini, yeye au mwenzake amwarifu mwajiri mara moja, kwa mdomo au kwa barua. Mwajiri naye sharti aiarifu Serikali kabla ya siku 7 kupita.

5. Madai ya fidia yaletwe kabla ya miezi 12 kupita tangu ajali. Hapa ndipo watu wengi hupotewa na haki yao. Mtu hupewa fedha kidogo za dawa, huambiwa arudi nyumbani apone, naye hungoja kwa adabu mpaka mwaka umekwisha. Yafaa aliyeumia aandike tarehe, saa, jina la mashini, na majina ya walioona, tena aitunze karatasi ya hospitali kama atunzavyo hati ya shamba.

Mkaguzi hawezi kuwa katika kila kiwanda kila siku. Uingereza ya mwaka 1833 ilikuwa na wanne tu; Kenya nayo haijawa na wa kutosha. Lakini kila mashini ina mtu asimamaye mbele yake tangu asubuhi hata jioni, naye aona kinga iliyong'olewa siku ile ile ing'olewapo. Mtu huyo akinyamaza, sheria imekuwa kipofu tena kama ilivyokuwa mwaka 1802.

MASWALI YA KUJIFUNZIA

1. Kwa nini sheria ya mwaka 1802 haikufaa, na ile ya 1833 ikafaa?
2. Ni madhara gani ya kazi yasiyoonekana kwa siku moja?
3. Mwenzako amekatwa kidole leo. Ni nani wa kuarifiwa, na kabla ya siku ngapi?
4. Mahali unapofanya kazi pana kamati ya usalama? Wajumbe wake ni nani?