Kadi ya Grafiki: Ununue Sasa au Usubiri Kizazi Kijacho?

Wahenga walituachia methali mbili zinazogombana: subira huvuta heri, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Kama umewahi kubana bumu ili ununue kadi ya grafiki, bila shaka umezitumia zote mbili ndani ya wiki moja. Asubuhi umeamua unanunua. Jioni mshikaji anakwambia, "Tulia kwanza, kizazi kipya kinakuja, hizi zitashuka bei." Basi, hela inarudi kwenye simu, na baada ya mwezi haipo tena.

Mimi nilianza kusubiri nikiwa mwaka wa pili. Nikafika mwaka wa nne bado nasubiri, na mradi wangu ulikuwa wa kutambua magonjwa ya majani ya mihogo kwa picha. Modeli nilikuwa naifundisha kwenye laptop isiyo na kadi, usiku kucha, na asubuhi nakuta umeme ulikatika saa nane. Mwisho nikapunguza picha hadi robo ili nimalize kwa wakati. Mradi ulipita, lakini swali la kwanza la msimamizi lilikuwa, "Mbona data ni kidogo hivi?" Sikuwa na jibu la maana. Hesabu ninayoieleza hapa chini ndiyo niliyotakiwa kuipiga miaka miwili kabla.

Tuanze na somo la mwaka 2020. Nvidia ilikuwa ikiuza RTX 2080 Ti, kadi ya mwaka 2018, kwa dola 1,199. Septemba 2020 ikatangaza kizazi kipya, na humo RTX 3070 ya dola 499 iliyokuwa na nguvu za kukaribiana na ile ya 1,199. Fikiria aliyenunua 2080 Ti mwezi Agosti alivyojisikia. Hapo waliosubiri walicheka.

Ila hawakucheka muda mrefu. Korona ilikuwa imewafungia watu majumbani na kila mtu anataka kompyuta, viwanda vya chipu vikazidiwa, na wachimbaji wa sarafu ya Ethereum wakawa wanazoa kadi kwa mafungu. RTX 3080 iliyotangazwa kwa dola 699 ikawa inalanguliwa kwa mara mbili ya bei hiyo na zaidi. Hali ile iliendelea hadi 2022, mwaka ambao mwezi Septemba Ethereum iliachana kabisa na uchimbaji wa kutumia kadi. Kwa hiyo aliyesubiri alikuwa sahihi kuhusu teknolojia, akakosea kuhusu bei. Aliyenunua mapema alipunjika kwa bei, lakini kadi alikuwa nayo mezani. Usiweke uamuzi wako juu ya utabiri wa soko, maana hata wauzaji wenyewe hawakuliona lile likija.

Jambo la pili: kizazi hakishuki chote siku moja. Wakubwa ndio hutangulia. RTX 4090 ya dola 1,599 ilitoka Oktoba 2022, lakini RTX 4060 ya dola 299, ambayo ndiyo saizi yetu, ilitoka Juni 2023. Hiyo ni miezi minane. Kizazi kilichotangulia kilikuwa hivyo hivyo: RTX 3080 Septemba 2020, RTX 3060 Februari 2021. Ukisikia "kizazi kipya kimetoka", uliza kwanza ni kadi ipi imetoka. Halafu ongeza muda wa kufika Kariakoo, ushuru, na faida ya muuzaji wa kwanza kuwa nayo.

Jambo la tatu: kipya si lazima kikushinde kila kitu ulichonacho. RTX 3060 ya kawaida ina memori ya GB 12. Mrithi wake, RTX 4060, ana GB 8. Kwenye magemu 4060 ina kasi zaidi, na inakula umeme kidogo, wati 115 dhidi ya 170. Lakini kama unafundisha modeli, au unatengeneza jengo zito kwenye Blender, memori ikijaa kazi inakwama au inakataa kabisa, na ile ya zamani inakuwa mkombozi. Anayecheza gemu na anayefanya mradi wanaweza kuuliza swali moja na wote wakapewa majibu tofauti yaliyo sahihi.

Sasa hesabu yenyewe. Tuchukue mfano: kadi unayoitaka leo ni shilingi 900,000. Unaamini ukisubiri miezi sita utaipata kwa 750,000. Utaokoa 150,000. Gawa kwa sita, unapata 25,000 kwa mwezi. Hiyo ndiyo "mshahara" unaolipwa kwa kusubiri. Jiulize: mwezi mmoja wa kuwa na kadi una thamani gani kwangu? Kama unatengeneza video za harusi au michoro ya 3D na kadi ingekuingizia 40,000 kwa mwezi, kusubiri kunakula 15,000 yako kila mwezi. Kama ni ya kuchezea gemu la mpira wikiendi tu, subiri, unalipwa vizuri. Na kama ni mradi wa mwisho, angalia tarehe ya kuwasilisha kabla ya bei. Kadi inayofika wiki moja baada ya utetezi haikusaidii kitu, hata ingekuwa ya bure.

Kabla hujatoa hela, kagua mambo matatu. Kwanza, kama unatumia laptop, kadi kwa kawaida imechomelewa kwenye ubao mkuu na haibadilishwi. Hapo unaamua kuhusu laptop nzima. Pili, pawasaplai ya kompyuta ya mezani iwe inaimudu kadi. Tatu, kama ni mtumba, iwashe dukani, ipe kazi nzito kwa nusu saa, angalia joto na sikiliza feni. Kadi haijifi kwa sababu tu imechimba sarafu, ila feni na joto husema ukweli kuliko muuzaji.

Na ukiamua kusubiri, usisubiri mikono mitupu. Google Colab na Kaggle zinaruhusu kutumia kadi zao bure kupitia intaneti, kwa saa zenye kikomo. Kwa mradi wa ukubwa wa wangu zingetosha. Kilichonichelewesha kilikuwa kudhani kwamba bila kadi yangu mwenyewe siwezi kuanza.

Kizazi kijacho kitakuwepo siku zote. Kikitoka hiki, tetesi za kinachofuata zinaanza wiki hiyo hiyo. Kwa hiyo andika kwenye karatasi vitu vitatu: kazi unayotaka kuifanya, tarehe ya mwisho, na hela uliyonayo. Kadi iliyopo sokoni leo ikitimiza vyote vitatu, nunua, halafu acha kufuatilia bei. Isipotimiza, weka tarehe ya kikomo cha kusubiri. Mimi sikuweka tarehe, na majani ya mihogo robo tatu hayakuwahi kufunguliwa.