Jifunze: Ukimwona Mnyamapori Aliyejeruhiwa

Vijana wengi hutoka ng'ambo na kulipa ili wasaidie madaktari wa wanyamapori Afrika. Mkazi wa Wema ana jambo wanalolikosa: anajua njia za kiboko na nyati kuelekea majini.

Ukimwona mnyama aliyenaswa na waya:

1. Usimkaribie. Zuia watoto na mbwa.

2. Mjulishe chifu au Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Taja mahali, aina ya mnyama na jeraha.

3. Mtu mzima mmoja amfuatilie kwa mbali. Daktari akifika na kumkosa, safari imepotea.

Daktari humpiga mnyama mshale wenye dawa ya usingizi, mara nyingi etofini. Tone dogo laweza kumuua binadamu, kwa hivyo mshale ulioanguka usiokotwe, mwonyeshe daktari.

Mnyama akishalala, mnaojitolea subirini mwitwe. Kazi zenu huwa kumfunika macho, kummwagia maji asizidiwe na joto na kuhesabu pumzi. Nyati huegemezwa kifuani, asilale ubavu akavimba tumbo. Nyamazeni, kelele humshtua.

Akifa, nyama yake isiliwe: dawa hubaki mwilini.